Haki ya Mtunzi na Kitu Kisichopungua

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemfunza mwanadamu kwa kalamu. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, miongoni mwa masuala yaliyoingia majumbani bila ya kupiga hodi ni suala la kumiliki vitu visivyoshikika kwa mkono: kitabu kilichomo ndani ya simu, kaswida iliyomo katika intaneti, programu ya kompyuta, picha, darsa iliyorikodiwa. Watu wanavinunua, wanavinakili, wanapeana, wanavikodi, na mara nyengine wanavifanyia biashara ya mamilioni, ilhali wengi wao hawajajiuliza hata siku moja: kitu hiki ni cha nani, na kwa haki gani?

Achukuliwe mfano wa mwalimu aliyekaa miaka mitatu akitunga masomo ya kuwafundisha watoto wa Waswahili walioko ugenini kusoma Qur'ani. Amerikodi sauti, amemlipa mchoraji, ameingia deni, na mwisho ameyaweka masomo hayo katika intaneti kwa bei ya riali 2. Mzazi mmoja aliyeko Sohar akanunua, akayapenda, na usiku ule ule akawapelekea jamaa zake wote kwa simu. Jamaa wa Dubai akawapelekea majirani zake, na jamaa wa Unguja akawapelekea walimu wa chuoni. Kabla ya Alfajiri masomo yamo mikononi mwa mamia ya watu, na mwalimu amepata riali 2. Mzazi naye amelala akiwa na yakini kwamba amejiandikia sadaka yenye kuendelea. Je, hiyo ni sadaka? Na kama ni sadaka, imetolewa kutoka katika mali ya nani?

Kabla ya kulijibu suala hili, inafaa ieleweke kwa nini wanavyuoni wa zamani hawakuliandikia mlango wake maalumu katika vitabu vya fiqhi, pamoja na kuwa wameandika milango ya bei, ya ijara, ya shirika, ya maji ya falaji na hata ya mtende ulioinamia kiwanja cha jirani. Sababu si kwamba waliidharau haki ya mtunzi. Sababu ni kwamba katika zama zao kunakili kwenyewe kulikuwa kazi. Kitabu cha Qamusu Sharia cha Sheikh Jumayyil bin Khamis As-Saadi kina juzuu 90. Aliyetaka nakala yake alihitaji karatasi, wino, mwandishi mwenye hati nzuri, na subira ya miaka. Bei ya kitabu ilikuwa ni bei ya karatasi na mkono ulioandika. Mtunzi mwenyewe alikula kutokana na shamba lake, au ukadhi wake, au wakfu. Hata Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja baina ya 1870 na 1888, alipoanzisha matbaa ya Kisultani, na vitabu vya Kiibadhi, na Qamusu Sharia miongoni mwao, vikaanza kuchapishwa humo, bado palikuwa na mashine ya kununua, herufi za kupanga na mafundi wa kulipa. Nakala ilikuwa na gharama, na gharama hiyo ndiyo iliyoifanya iwe adimu. Hapana aliyehitaji kuubuni uadimu wake.

Leo gharama hiyo imeondoka. Nakala ya elfu moja haigharimu zaidi ya nakala ya kwanza, na nakala ya kwanza haigharimu ila kugusa kioo cha simu. Kilichobakia na gharama ni ile kazi ya mwanzo peke yake: miaka mitatu ya yule mwalimu. Zamani kazi hiyo ilijificha ndani ya bei ya karatasi, na sasa imebaki uchi, haina nguo ya kuisitiri.

Mwenye kunakili ana hoja, na haifai hoja yake ipuuzwe. Anasema: mwenye kuiba ngamia anamwacha mwenyewe hana ngamia, lakini anayenakili kitabu amemwacha mtunzi na kitabu chake kizima, hakikupungua hata herufi. Na kwa hakika katika fiqhi kuna msingi unaokaribiana na kauli hii. Wanavyuoni wametaja kwamba mtu anaruhusika kupumzika katika kivuli cha ukuta wa mwenziwe na kupata mwangaza wa taa ya mwenziwe bila ya kuomba ruhusa, kwa sababu ukuta haupungui wala taa haipungui. Pia imepokewa kwa Mtume (S.A.W.) kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Kwa hivyo anayesema kuwa kunakili si wizi ule unaotajwa katika mlango wa hududi, hakukosea. Hapana mwanachuoni anayefikiria kukatwa mkono wa mzazi wa Sohar.

Kosa la hoja hii ni kwamba inajibu suala ambalo halikuulizwa. Dhulma haiwi katika kuchukua kitu tu. Huwa pia katika kumnyima mtu ujira. Imepokewa katika Hadithi Qudsi kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni mtu aliyemtumia mfanyakazi, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Hasimu huyo hakumwibia mfanyakazi kitu. Jembe lake liko pale pale, kikapu chake kiko pale pale. Alichomnyima ni malipo ya jasho ambalo faida yake yeye ameshaipata. Hapo ndipo mahali pa kuutazama mfano wa mwalimu: si katika faili, ambalo kwa kweli halipungui, bali katika miaka mitatu, ambayo imekwisha na haitorudi.

Huenda mtu akasema kwamba mfanyakazi wa Hadithi ana mkataba na mwajiri wake, na mwalimu hana mkataba na jamaa wa Dubai. Hili ni kweli kwa jamaa wa Dubai, lakini si kweli kwa mzazi wa Sohar. Yeye amenunua kwa sharti, na imepokewa kwa Mtume (S.A.W.) kwamba Waislamu wanafungwa na masharti yao, ila sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Mwalimu aliyesema kwamba masomo ni ya nyumba moja hakuharamisha halali ya mtu. Amepanga namna ya kulipwa. Ama wale waliopelekewa, anayejua kwamba kitu kimetoka kwa mwenyewe bila ya ridhaa yake, kisha akakitumia, hawezi kujificha nyuma ya mgongo wa aliyempelekea. Asiyejua ni maadhuri mpaka ajue.

Juu ya hayo pana hukumu iliyotolewa na jopo la wanavyuoni. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi wa Desemba 1988, ilipitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi, pamoja na majina ya biashara na alama zake, ni haki za wenyewe. Zina thamani ya mali kwa mujibu wa ada za watu wa zama hizi, na haijuzu kuzivamia. Msingi wa uamuzi huo ni ada, na ada ina nafasi yake katika fiqhi pale isipopingana na nassi. Nchini Oman, Amri ya Kisultani nambari 65 ya mwaka 2008 inalinda haki ya mtunzi na haki zinazofungamana nayo. Anayeishi katika nchi ya watu kwa viza ameingia katika ahadi yao, na kutimiza ahadi si jambo la hiari kwa Muislamu.

Husemwa pia: "Kampuni zile ni tajiri, tena si za Waislamu." Hoja hii ni dhaifu kuliko ya kwanza, na ingeweza kuachwa bila ya jawabu lau isingekuwa imeenea mno barazani. Maibadhi katika historia yao wamejulikana kwa kuharimisha ngawira ya mali za Waislamu wenziwao hata baada ya kuwashinda vitani, ijapokuwa mahasimu wao hawakuwatendea hivyo. Watu waliojizuilia na mali ya hasimu aliyewanyanyulia upanga, watoto wao wataihalalisha vipi mali ya mtu ambaye wamemwachia amana na yeye akawaachia yao? Utajiri wa mwenye haki hauiondoi haki.

Hapa ndipo waandishi wengi wanaposimama. Wanamuonya anayenakili, kisha wanafunga kitabu. Lakini upo upande wa pili wa mizani, nao unazihusu nyumba hizo hizo. Kwani ikiwa mnunuzi anahukumiwa kwa kuwa kitu hakipungui naye akakichukua bure, muuzaji naye anapaswa kuhukumiwa anapokifanya kitu kisichopungua kiwe kama kinachopungua, ili apate kukiuza mara nyingi kwa watu wale wale.

Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins iliziwekea maktaba sharti kwamba kila nakala ya kitabu cha kielektroniki iazimwe mara 26 tu, kisha nakala hiyo izimike na maktaba inunue nyengine. Hoja iliyotolewa ni kwamba kitabu cha karatasi nacho huchakaa. Basi mtu ajiulize: kitabu cha karatasi kimechakaa kwa sababu Mwenyezi Mungu ameiumba karatasi ichakae. Kitabu hiki kimechakaa kwa sababu mtu ameketi kitako akaamua kichakae. Huu ni uhaba wa kubuni. Ni sawa na mwenye taa aliyeona majirani wanapata mwangaza wake, akajenga ukuta, kisha akawauzia tundu za ukuta.

Je, ni ihtikari iliyokatazwa, yaani kuficha bidhaa ili bei ipande? Haifai kuharakia kusema hivyo. Ihtikari katika maneno ya wengi wa wanavyuoni inahusu zaidi chakula na vile ambavyo watu wanadhikika kwa kuvikosa. Hadithi ya kupitishia wakati haimo humo. Lakini ikiwa kilichofungwa ni elimu ambayo watu wanaihitaji kwa dini yao au kwa tiba yao, basi makamio yaliyokuja juu ya mwenye kuficha elimu yanakaribia, na mwenye kuifunga ajitazame.

Jambo lililo wazi zaidi ni jina. Sharti la kuazima mara 26 lilitangazwa, na maktaba zilikuwa na hiari ya kukubali au kukataa. Huo ni mfano wa ijara yenye kipimo maalumu, na ijara inajuzu. Lakini maduka mengi ya intaneti yaliandika neno "nunua" juu ya kitu ambacho hakikuwa kikiuzwa. Mwezi wa Julai 2009 wateja wa Amazon nchini Marekani waliamka wakakuta vitabu viwili vya mwandishi wa Kiingereza George Orwell vimetoweka katika vifaa vyao vya kusomea. Kampuni ilikuwa imegundua kwamba aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo, ikavifuta kutoka mbali na kurejesha fedha. Baadaye mkuu wake akaomba radhi. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vyote vilivyokuwa vimenunuliwa humo vikatoweka. Humo pia fedha zilirejeshwa. Lakini haijapata kusikika katika soko la Nizwa wala la Darajani kwamba muuza vitabu alipofunga duka lake alizunguka majumbani kukusanya vitabu alivyokwishauza.

Bei katika sharia inahamisha umiliki. Aliyenunua anaweza kuuza, kutoa zawadi, kuweka wakfu, na akifa mali hiyo inarithiwa. Asiyeweza hata moja katika hayo hakununua. Amekodi, au ameruhusiwa. Hapana ubaya wowote katika kukodi, wala katika kuruhusiwa. Ubaya ni kumwambia mtu ananunua ilhali anakodi, kwa muda ambao mwisho wake haujui. Ndani yake mna ghishi katika jina na gharari katika muda, na Mtume (S.A.W.) amekataza yote mawili. Jimbo la California nchini Marekani, ambako kampuni nyingi za namna hii zina makao yao, lilipitisha sheria mwaka 2024, iliyoanza kutumika mwaka 2025, inayowalazimisha wauzaji wa vitu vya kidijitali wamwambie mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni, la sivyo wasitumie neno la kununua. Waliotunga sheria hiyo hawakusoma fiqhi ya Kiislamu. Wameyafikia yale yale kwa malalamiko ya watu, na haki ni haki hata ikitamkwa na nani.

Uhaba wa kubuni ulifika kilele chake mwaka 2021. Mwezi wa Machi mwaka huo nyumba ya mnada ya Christie's iliuza picha ya kidijitali ya msanii wa Kimarekani ajulikanaye kwa jina la Beeple kwa zaidi ya dola milioni 69. Picha yenyewe kila mtu anaweza kuitazama bure mpaka leo. Kilichouzwa ni alama iitwayo NFT, iliyoandikwa katika daftari la kompyuta lisilofutika, inayosema kwamba fulani ndiye mwenye alama hii. Kwa kawaida alama hizo hazimpi mwenyewe hata haki ya utunzi. Mwezi ule ule ujumbe wa kwanza kabisa wa mtandao wa Twitter, ulioandikwa mwaka 2006 na mmoja wa waanzilishi wake, Jack Dorsey, uliuzwa kwa namna hiyo kwa kiasi cha dola milioni 2.9. Aliyeununua aliupeleka mnadani mwezi wa Aprili 2022 akitaraji dola milioni 48. Mnada ulipofungwa, ofa kubwa haikufika dola 300.

Vijana wa Ghuba nao waliingia, wengine kwa akiba za mahari. Waliambiwa kwamba biashara hii ni ya kuwasaidia wasanii, na ni kweli kwamba wako wasanii waliopata riziki ambayo hawakuwahi kuipata. Lakini katika masoko hayo yalizuka mambo ambayo fiqhi inayajua kwa majina yake tangu karne ya kwanza. Mtu mmoja alikuwa akifungua majina mawili, akauza kwa jina hili na kununua kwa jina lile, ili watazamaji wadhani kwamba kitu kinagombaniwa. Hiyo ni najashi, kupandisha bei kwa asiyetaka kununua, na Mtume (S.A.W.) ameikataza katika soko la Madina, ambamo mtu alikuwa angalau akimuona ngamia anayezidishiwa bei.

Basi ikiwa kunakili bila ya ridhaa ni kumnyima mtunzi, na kufunga kwa makufuli ni kuwabania watu kitu ambacho hakiwezi kuisha, mtunzi atalipwa kwa njia gani?

Watu wa Oman wana mfano wa jambo hili mbele ya macho yao, nao ni falaji. Maji ya falaji hayakutoka juu ya ardhi wenyewe. Watu walichimba chini kwa chini, mkono kwa mkono, wengine wakafia humo. Kazi hiyo ina haki. Na maji ya kumwagilia ni haba kweli, kwa hiyo yaligawiwa kwa wakati: athari moja ni nusu saa, ikipimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku, na athari huuzwa, hukodishwa na kurithiwa. Lakini pale maji yanapotokeza mwanzo, kabla ya kufika mashambani, pana mahali paitwapo sharia. Hapo kila mtu anachota maji ya kunywa, tajiri na maskini, mwenyeji na mpita njia, wala haulizwi athari zake ngapi. Na gharama za kuusafisha na kuutengeneza mfereji hutoka katika hisa za maji zilizowekwa kwa ajili ya falaji wenyewe, ambazo hunadiwa. Falaji tano za Oman, na Falaji Daris wa Nizwa miongoni mwao, ziliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na wageni huja kutazama ustadi wa mifereji. Ustadi mkubwa zaidi ni huo wa hesabu: kilicho haba kinapimwa, kisicho haba kinaachwa, na aliyefanya kazi analipwa, bila ya moja kulivunja jengine.

Kisa cha Abyadhi bin Hammal kinakwenda njia hiyo hiyo. Alimwendea Mtume (S.A.W.) akamwomba ampe chumvi ya Maarib, huko Yemen, naye akampa. Alipogeuka kuondoka, mtu mmoja katika majlisi akasema kwamba kitu alichopewa ni kama maji yasiyokatika. Mtume (S.A.W.) akakirejesha. Wanavyuoni wamefahamu kutokana na kisa hiki kwamba kitu kilicho dhahiri, kinachopatikana bila ya taabu na watu wote wanakihitaji, hapewi mtu mmoja akifunge. Ama mwenye kuchimba akatoa madini kwa taabu yake, huyo ana hukumu nyengine. Kitabu kina sura zote mbili: utunzi wake ni kuchimba, na nakala zake ni chumvi ya Maarib.

Katika Sura ya Yusuf, aya ya 72, imetajwa ahadi iliyotangazwa mbele ya msafara: atakayekileta kikombe cha mfalme atapata shehena ya ngamia mmoja. Wanavyuoni wamechukua kutoka hapo mkataba wa jaala, ambao ndani yake malipo yanafungamana na kukamilika kwa kazi. Asiyejulikana leo akiifanya kesho, anastahiki. Katika jaala halipwi mtu kwa kufunga mlango. Analipwa kwa kuwa kazi imefanyika.

Jambo hili limejaribiwa katika zama za kompyuta na limefaulu. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Marekani, John Kelsey na Bruce Schneier, walipendekeza kwamba mtunzi atangaze kiasi anachotaka, watu wakiweke kwa mtu mwaminifu, na kikitimia kazi itolewe kwa watu wote bila ya kufuli. Mwaka 2002 Mholanzi Ton Roosendaal alikuwa na programu ya kuchorea iitwayo Blender, na kampuni iliyokuwa ikiimiliki imefungwa. Wenye mali yao katika kampuni walikubali kuiachia kwa euro 100,000. Watu walichanga kiasi hicho kwa wiki saba tu, na mwezi wa Oktoba mwaka huo programu ikawa huru kwa kila mtu, mpaka leo. Hapana aliyenakili kwa kuiba, wala aliyefungiwa. Mwenye haki alilipwa mara moja kwa ridhaa yake, kisha kitu kisichopungua kikaachwa kisipungue.

Waislamu wanaijua njia hii kwa jina jengine. Nyuma ya vitabu na kanda nyingi za Kiarabu yaliandikwa maneno kwamba haki ya kuchapa ni ya kila Muislamu. Maneno hayo ni wakfu, na wakfu ni tendo la mwenye mali. Mtunzi aliyeyaandika ameitoa haki yake kwa mkono wake, na aghlabu nyuma yake alikuwapo mfadhili aliyelipa. Mzazi wa Sohar alitaka kufanya wakfu, na nia yake ilikuwa njema. Lakini aliweka wakfu nyumba ya jirani.

Wala haina maana kwamba kila mtunzi alazimishwe kungojea michango. Mwenye kutaka kuuza nakala moja moja na auze, na masharti yake yaheshimiwe, maadamu yamesemwa kwa lugha ya kueleweka. Soko lenyewe mara nyengine ni kali kuliko mwenye kunakili: tangu mwaka 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo ambao haukusikilizwa mara 1,000 katika miezi kumi na miwili iliyotangulia, na mtoaji wa kaswida za Kiswahili mwenye wasikilizaji mia nne waaminifu amejikuta nje ya mlango. Wasikilizaji mia nne hao, kila mmoja akitoa nusu riali kwa mwaka, wangempa riali 200 mkononi. Misikiti, jumuiya na familia za Kiswahili za Ghuba zimezoea kuchangiana katika harusi na mazishi. Mwalimu wa watoto wao hayuko mbali na mlango huo.

Limebaki suala la yaliyokwishapita, kwani nyumba chache mno zimesalimika. Aliyenakili kwa kutojua asamehewe na aache. Aliyenakili kwa kujua, na mwenye haki anajulikana, njia yake ni kumlipa au kumwomba amhalalishe. Na pale ambapo mwenye haki hajulikani wala hapatikani, wanavyuoni wengi wameielekeza mali isiyojulikana mwenyewe kwa mafakiri, na mfano huo unafaa hapa. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.

Mzazi wa Sohar hali yake ni nyepesi, kwa sababu mwalimu wake yu hai na anwani yake imeandikwa mwanzoni mwa masomo. Amwandikie, ampe habari ya usiku ule, wala asijitetee. Huenda mwalimu akasamehe yote; huenda akataka chochote. Kisha jamaa wale wale waliopelekewa masomo wapelekewe ujumbe wa pili, wenye jina la mwalimu, mahali masomo yanapouzwa, na bei yake, riali 2.